Mtoto Asiye na Mtu Shuleni

Somo la kujifunza katika vikundi vya nyumbani. Kusoma: Yohana 5:1–9, na 1 Samweli 20.



Kila mwaka shule zinapofunguliwa mwezi wa Januari, watoto wa mtaa wetu husimama mbele ya madhabahu wakaombewa. Kasisi huomba wapate akili ya masomo, wafaulu mitihani, waepushwe na magonjwa na ajali za barabarani, nasi tunaitikia Amina kwa sauti kubwa. Ni maombi mema. Lakini kwa miaka yote tuliyokaa katika kanisa hili, hatukumbuki hata mara moja kumsikia mtoto akiombewa apate rafiki. Somo la mwezi huu ni juu ya jambo hilo tulilolisahau.

Fungueni kwanza Injili ya Yohana sura ya 5. Katika Yerusalemu palikuwa na birika lenye matao matano, na chini ya matao hayo walilala wagonjwa wengi. Miongoni mwao alikuwako mtu aliyekuwa hawezi kwa muda wa miaka 38. Bwana Yesu akamwuliza kama anataka kuwa mzima. Sisi tungetazamia aseme ndiyo. Yeye hakusema ndiyo wala siyo. Alieleza kwamba hana mtu wa kumtia birikani maji yanapotibuliwa, na kila akijikokota, mwingine hushuka mbele yake.

Hebu tufikiri vizuri juu ya jibu hilo. Mahali pale palijaa watu. Walikuwa wakimpita, wakimruka, labda wengine wakimsalimu asubuhi. Watu alikuwa nao tele, ila mtu hakuwa naye. Sisi tuliofundisha kwa miaka mingi tunasema bila kusita kwamba darasa lenye watoto 90 laweza kuwa kama lile birika.

Daftari halikuonyesha

Tulimaliza chuo cha ualimu mwanzoni mwa miaka ya 1980, tukapangiwa shule ya msingi iliyokuwa karibu na reli. Katikati ya mwaka mmoja alihamia kwetu mvulana wa darasa la tano, baba yake akiwa amehamishwa kikazi. Tulimpa dawati la nyuma kabisa, si kwa ubaya, bali kwa kuwa ndilo lililokuwa na nafasi. Siku ya pili au ya tatu tulimwinua asome kwa sauti. Matamshi yake yalikuwa ya kwao, darasa likacheka, nasi tukagonga meza kunyamazisha kelele, kisha tukaendelea na somo. Tangu siku hiyo hakunyosha mkono tena. Hakuwa msumbufu. Daftari zake zilikuwa safi. Katika daftari la mahudhurio alikuwa na alama ya kuwapo kila siku, na mwalimu yeyote angeyatazama mahudhurio yale angesema mtoto huyu hana tatizo lolote.

Baada ya likizo hakuonekana. Tukamwandika mtoro. Majuma mawili yalipopita tulimfuata mama yake, naye akashangaa sana, maana kila asubuhi mtoto alitoka nyumbani na sare yake na ufagio wake, na kila alasiri alirudi. Kumbe alikuwa akishinda chini ya daraja la reli. Akiona wenzake wanapita kurudi majumbani, naye alijipangusa vumbi akarudi kwao.

Alipoletwa shuleni tulimchapa viboko mbele ya mstari, ili iwe fundisho kwa wengine. Tunaposema "tulimchapa" hatujifichi nyuma ya walimu wenzetu. Fimbo ilikuwa mkononi mwetu sisi tunaoandika somo hili.

Baada ya hapo tuliingia darasani tukawauliza watoto ni nani anayekaa na mvulana yule wakati wa mapumziko, ni nani anayecheza naye, ni nani anayerudi naye njia moja. Wakatazamana. Kisha msichana mmoja akanyosha mkono, wala hakuwa na nia ya utani, akauliza: "Mwalimu, kwani anaitwa nani?" Alikuwa amekaa nao muhula mzima. Na tukisema kweli, sisi wenyewe tulikuwa tukimwita "wewe wa nyuma," na ili kumjibu msichana yule tulilazimika kulifungua daftari.

Mvulana alikaa siku nne tu. Baada ya hapo baba yake alimpeleka kwa bibi yake kijijini, na hatukupata habari zake tena. Kama alimaliza darasa la saba, hatujui.

Tulilokuwa tumelijibu kwenye mtihani

Linalotuaibisha zaidi ni kwamba chuoni tulikuwa tumefundishwa. Katika somo la saikolojia ya elimu tulisoma habari za daktari mmoja, Jacob Moreno, ambaye mwaka 1932 aliitwa kwenye shule ya wasichana iliyokuwa Hudson, katika jimbo la New York huko Marekani. Wasichana 14 walikuwa wametoroka katika muda wa majuma mawili, na wakubwa wa shule hawakuelewa kwa nini. Moreno hakuanza kwa kuuliza wasichana hao wana tabia gani. Aliuliza kila mmoja angependa kukaa na kufanya kazi na nani, kisha akachora alama kwa kila msichana na mstari kutoka kwa huyu kwenda kwa yule. Mchoro huo ulionyesha kwamba kutoroka kulifuata mahusiano yao kuliko tabia ya msichana mmoja mmoja. Mwaka 1934 alitoa kitabu juu ya kazi hiyo. Swali lake lilikuwamo katika mtihani wetu wa mwisho, nasi tulilijibu vizuri tukapata alama. Tulipofika darasani tulilisahau, kama vile mtu anavyoacha mwavuli mlangoni.

Baada ya habari ya yule mvulana tukakumbuka. Tuliwapa watoto vipande vya karatasi, kila mmoja aandike jina lake, na chini yake majina matatu ya wenzake ambao angependa kukaa nao dawati moja. Tulizikusanya tukaenda nazo nyumbani, usiku tukachora kwa taa ya chemli. Baadhi ya majina yaliandikwa na kila mtu. Mengine hayakuandikwa na mtu hata mmoja.

Wengi wa waliokosa kuandikwa tuliwatarajia: mgeni, mtoto aliyekuja na sare iliyochanika, msichana aliyekuwa na kifafa. Lakini mmoja alitushangaza. Alikuwa kiranja wa darasa, mtoto mwerevu na mtiifu, ambaye sisi walimu tulimpenda sana. Tulipotafakari tukaona sababu. Sisi ndio tuliompa kazi ya kuandika majina ya wapiga kelele kila tulipotoka darasani, na kila alilolitaja lilileta fimbo. Tulikuwa tumemtenga kwa mikono yetu huku tukidhani tunamheshimu. Tukaibadilisha kazi ile iwe ya zamu, kila juma mtoto mwingine, na baada ya muda tukaiacha kabisa.

Walimu vijana wa mtaa wetu wanaosoma somo hili wanaweza kuitumia njia hii hata leo, kwa sharti moja. Karatasi zile ni siri. Mwalimu akizisoma kwa sauti, au akimwambia mtoto kwamba hakuna aliyemchagua, atakuwa amemfanyia ubaya mkubwa kuliko kama asingeuliza lolote. Matumizi yake ni mamoja tu: kumketisha mtoto yule karibu na mmojawapo wa wale aliowaandika yeye. Mara nyingi hilo pekee linatosha.

Wawili, si mmoja

Kwa wageni tuliweka desturi nyingine. Kila mtoto aliyehamia alipewa wenyeji wawili wa kumwonyesha choo kilipo, bomba la maji, mahali pa kupigia mstari, na mwalimu gani ni mkali kwa jambo gani. Mwanzoni tulimpa mwenyeji mmoja, na tukamchagua mtoto wa kwanza darasani. Hilo halikufaa. Mtoto wa kwanza alikuwa na mambo yake, na akiugua siku moja mgeni anarudi kuwa peke yake. Tukaona ni afadhali wawili, na mmoja wao awe mtu aliyekuwa mgeni mwaka uliotangulia, kwa maana huyo bado anakumbuka. Hata hivyo lazima mwalimu atazame. Mwaka mmoja wenyeji wawili walimfanya mgeni wao awe mchukuzi wa mikoba, naye alikubali kwa furaha, maskini, kwa kuwa angalau alikuwa na watu wa kutembea nao. Ilituchukua majuma matatu kugundua.

Watu wengine hudhani urafiki wa watoto ni jambo linalotokea lenyewe, kama mvua. Ni kweli kwamba hatuwezi kumwamuru mtoto ampende mwenzake. Lakini tunaweza kuwapa jambo la kufanya pamoja. Wakati wa Elimu ya Kujitegemea, iliyotangazwa na Mwalimu Nyerere mwaka 1967, kila shule ilikuwa na shamba, na watoto walichota maji. Mambo mengi ya wakati ule yaliharibika, hasa shamba lilipogeuzwa kuwa mahali pa kuwaadhibia watoro. Lakini tuliona kwa macho yetu kwamba watoto wawili wanaobeba ndoo moja kwa mti mmoja hawawezi kununiana njia nzima. Ni lazima mmoja aseme "polepole," na mwingine ajibu. Kwaya ni hivyo hivyo. Timu ya netiboli ni hivyo hivyo. Mchakamchaka wa alfajiri nao, pamoja na vumbi lake lote.

Ndiyo maana hatufurahii tunaposikia kwamba mapumziko yanafupishwa ili watoto wa madarasa ya mitihani wapate masomo ya ziada, na Jumamosi nayo inamezwa. Tunaelewa hofu ya wazazi na ya walimu wakuu. Lakini mapumziko si muda uliopotea. Mwaka 2020 shule zilipofungwa kuanzia mwezi wa Machi kwa sababu ya ugonjwa wa korona, watoto wa majirani walikuwa wakija ukumbini kwetu kuuliza shule itafunguliwa lini. Hakuna hata mmoja aliyesema amekumbuka hesabu za sehemu. Walimtaja fulani na fulani, na mchezo wa rede, na mahali wanapokaa chini ya mwembe wakila mihogo. Shule zilipofunguliwa mwishoni mwa Juni walikimbia barabarani.

Asije mtu akasema haya ni mambo ya kitoto yasiyo na uzito. Mwaka 1997 Michael Resnick na wenzake walitangaza matokeo ya uchunguzi uliohusu vijana zaidi ya 12,000 wa shule nchini Marekani. Waliona kwamba vijana waliojisikia kuwa ni wa nyumbani kwao na ni wa shuleni kwao, yaani wana watu wanaowajali, walikuwa na huzuni chache, na hawakuelekea sana kwenye ugomvi, dawa za kulevya wala mawazo ya kujiua. Shirika la Afya Duniani nalo lina uchunguzi wake wa afya ya wanafunzi, ambao umefanywa pia hapa Tanzania, Dar es Salaam mwaka 2006 na tena nchini mwaka 2014. Miongoni mwa maswali wanayoulizwa watoto, pamoja na chakula na kunawa mikono, yamo haya: unajisikia mpweke mara ngapi, na una marafiki wa karibu wangapi. Wataalamu wa afya wameyaweka maswali hayo karatasi moja na njaa, na sisi tunaona wamefanya vema.

Kidato cha kwanza na ulimi uliofungwa

Sasa tuje kwenye jambo lililotugusa nyumbani. Tangu shule za sekondari za kata zilipoenea, na tangu ada zilipoondolewa hadi kidato cha nne mwaka 2016, watoto wengi ambao zamani wangebaki nyumbani sasa wanaendelea na masomo. Tunamshukuru Mungu. Lakini mtoto anayeingia kidato cha kwanza anakutana na mambo matatu kwa siku moja. Anachanganywa na watoto kutoka shule za msingi nyingi asizozijua. Anaitwa njuka na wakubwa wake, na katika shule nyingine jina hilo huja pamoja na makofi na kufulishwa nguo. Tena lugha inabadilika. Kwa miaka saba alisoma kwa Kiswahili; sasa masomo mengi ni kwa Kiingereza, na katika shule nyingine anayesikika akisema Kiswahili hata nje ya darasa huadhibiwa.

Mjukuu wetu mmoja alikuwa msemaji mkubwa katika nyumba hii. Alipoanza sekondari alinyamaza. Bibi yake alidhani ni malaria. Tulimwuliza kwa upole, akasema kwamba akiongea Kiswahili anapigwa, akiongea Kiingereza anachekwa, kwa hiyo ameona anyamaze. Basi, ndugu msomaji, mtoto asiyeweza kusema atapataje rafiki? Tunakubali kwamba Kiingereza kina faida, nasi tulikisoma. Lakini kumnyang'anya mtoto ulimi wake wakati wa mapumziko ni kumnyang'anya wenzake. Tulikwenda kuonana na mwalimu wake wa malezi, kijana mmoja msikivu, tukamsimulia jambo lifuatalo.

Mwaka 1971 katika mji wa Austin, jimbo la Texas, watoto weupe, weusi na wenye asili ya Meksiko, ambao kabla ya hapo walitengwa, walianza kusoma pamoja. Ugomvi ukazuka. Mwalimu wa chuo kikuu aitwaye Elliot Aronson, pamoja na wanafunzi wake, alikwenda akakaa madarasani akitazama. Aliona kwamba kila mtoto anashindana na mwenziwe kunyosha mkono ili mwalimu amwone, na mmoja akikosea, wengine hufurahi. Basi akagawa watoto katika vikundi vidogo vilivyochanganyika, na somo akaligawa vipande. Kama somo ni maisha ya mtu fulani, mtoto mmoja anapewa utoto wake, mwingine ndoa yake, mwingine kazi zake, na kila mmoja awafundishe wenzake kipande chake. Mtihani ni wa somo zima.

Mvulana mmoja ambaye Kiingereza hakikuwa lugha ya kwao alianza kugugumia, wenzake wakamcheka. Msimamizi akawaambia kwa utulivu kwamba kucheka kwao hakutawasaidia kukijua kipande cha mwenzao, na mtihani uko karibu. Wakaanza kumwuliza maswali. Kwa kuulizwa akaweza kujibu, na kwa kujibu wakatambua kwamba alikuwa anajua. Hawakuhubiriwa upendo, walifanywa wahitajiane. Baadaye ilionekana kwamba watoto wa madarasa hayo walipendana kuliko wa madarasa mengine, na waliokuwa nyuma walifanya vizuri zaidi katika mitihani.

Mwalimu yule kijana alijaribu njia hiyo katika somo la jiografia. Hatutasema mambo yalibadilika kama kwa muujiza. Mjukuu wetu alipewa kipande cha mito, akakikariri jioni nzima jikoni, akimfundisha bibi yake ambaye hakuelewa neno hata moja lakini aliitikia kila alipopumua. Juma lililofuata alikuja nyumbani na msichana mwingine, wakala maembe yetu yote.

Anayerudi na mtoto mgongoni

Mwezi wa Novemba 2021 serikali iliruhusu wasichana walioacha shule kwa sababu ya ujauzito warudi katika shule za kawaida. Mlango ulifunguliwa kwa waraka. Lakini msichana huyo anaporudi, wenzake wako kidato cha mbele, anakaa na wadogo zake, na wazazi wengine wamewaonya binti zao wasiongozane naye. Waraka hauwezi kumpa mtu wa kukaa naye chini ya mwembe.

Hapo nasi Wakristo tujitazame. Tunajua wasichana wanavyokaa viti vya nyuma kanisani wanaporudi, na namna mazungumzo yanavyokatika wanapokaribia. Akina mama wa Umoja wanaweza kufanya kitu ambacho mwalimu hawezi: kumlea mtoto mchanga asubuhi ili mama yake awahi kengele, na kumwomba binti yao mmoja apitie pale wakaongozane. Afadhali msichana mmoja wa kuongozana naye kuliko mahubiri kumi juu ya msamaha.

Tukisoma 1 Samweli 20 tunaona jambo kama hilo. Daudi alikuwa ameimbiwa na wanawake wa miji yote, tena alikuwa na askari chini yake. Siku Sauli alipotaka kumwua, sifa hizo hazikumsaidia. Alisaidiwa na rafiki mmoja aliyekwenda naye kondeni wakapatana juu ya mishale. Yonathani hakuweza kumbadilisha baba yake. Aliloweza ni kumwambia mwenzake kweli, na kulia naye kabla hawajaachana.

Tunayoweza kuyafanya katika mtaa

Shule ina kazi yake, nasi hatutaki kuwafundisha walimu kazi. Lakini liko jambo moja ambalo kanisa linalijua kabla ya shule. Tunawajua watoto wetu waliopangiwa kidato cha kwanza, na tunajua ni nani wa mtaa huu aliye tayari katika shule hiyo hiyo, kidato cha pili au cha tatu. Jumapili ile ya Januari, tunapowaombea, tungewasimamisha kwa shule zao badala ya kuwapanga kwa urefu. Mkubwa amshike mdogo mkono mbele ya kanisa zima, ili siku atakayeona anaitwa njuka akafulishwe nguo, iwepo sauti moja ya kusema, "Huyu ni wa kwetu." Haitagharimu hata shilingi moja.

Jambo la pili ni watoto wanaopanga vyumba karibu na shule za kata kwa sababu nyumbani ni mbali. Wako wavulana na wasichana wa miaka 14 wanaojipikia, wanaojifungia usiku, na ambao toka Ijumaa jioni hadi Jumatatu asubuhi hawasemi na mtu mzima yeyote. Wazee wa kanisa wanaokaa jirani na shule hizo wanaweza kuwaalika baada ya ibada, wale pamoja, waulizwe habari za juma. Ila hapa tunaongeza neno la tahadhari, kwa kuwa si kila anayemkaribia mtoto ana nia njema. Mialiko iwe ya watoto wawili watatu kwa pamoja, katika nyumba yenye baba na mama, mlango ukiwa wazi, na mzazi wa mtoto apewe habari. Mtu anayependa kukutana na mtoto mmoja peke yake, pembeni, asiruhusiwe, hata akiwa mzee wa kanisa. Tumeona mengi.

Tena, wanaokwenda kufundisha kipindi cha dini shuleni, na viongozi wa UKWATA, wajifunze majina. Tunajua madarasa ni makubwa. Sisi tulijifunza majina matano kila siku, tukiyaandika kwenye kiganja, na kufikia mwisho wa mwezi darasa zima tulilijua. Mtoto akiitwa jina lake na mtu mzima hugeuza uso kwa namna nyingine kabisa. Asiyeamini ajaribu kesho.

Maswali ya kuzungumza

1. Mgonjwa wa Yohana 5 alikaa kati ya watu wengi. Kwa nini hakuna aliyemsaidia? Je, walikuwa wabaya, au kila mmoja alikuwa anayatazama maji?

2. Kila mzazi aliyemo kikundini ataje jina la mtoto mmoja ambaye mwanawe hucheza naye shuleni. Kama hulijui, mwulize leo usiku, si kwa ukali.

3. Katika mtaa wetu ni watoto gani wamehamia tangu Pasaka iliyopita? Wanaitwa nani? Ni nani aliyekwenda nyumbani kwao?

4. Wanaojua kuandika vizuri watengeneze orodha ya watoto watakaoingia kidato cha kwanza, na shule walizopangiwa, wamkabidhi Kasisi kabla ya Jumapili ya kwanza ya Januari.